Fundi Kipimo na Wali wa Jana

Kuna sheria moja ambayo kila seremala hufundishwa kabla hajaruhusiwa kushika msumeno: ukitia shaka, kata ndefu. Mbao iliyozidi utaipunguza, iliyopungua hata uililie haiongezeki. Fundi Kipimo aliishi na sheria hiyo miaka ishirini na mitatu, na haikuwahi kumwangusha, mpaka Jumatatu ile alipoingia jikoni kupika wali wa watu wawili.

Watu wawili wenyewe ni yeye na binti yake wa miaka kumi na mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Mama wa nyumba alikuwa ameondoka Jumapili kwenda kumuuguza mama yake, aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga. Daktari alisema miezi mitatu, na pengine siku za juu. Mama Chiriku alifungasha nguo jicho moja likilia, jicho jingine likilitazama jiko.

“Baba Chiriku,” alisema akiwa mlangoni, “wali ni kikombe kimoja na nusu. Umesikia? Kimoja na nusu.”

“Nimesikia,” alijibu Kipimo, penseli ikiwa sikioni kama kawaida yake.

Kusikia alisikia. Lakini alipokitazama kile kikombe na nusu ndani ya sufuria, akaona ni kiduchu mno. Mchele wenyewe ulishindwa hata kufunika chini sawasawa. Akatia shaka. Na kwa kuwa alitia shaka, akakata ndefu: vikombe vitano.

Nani angedhani kwamba mchele mkavu uliolala kimya namna ile una mipango yake? Baada ya dakika kumi ulianza kuinua kifuniko kwa kichwa, kama mtu anayechungulia nje. Kipimo akahamishia nusu kwenye sufuria ya pili. Sufuria ya pili nayo ikaanza kuchungulia. Chiriku alipanda kigoda ili aone vizuri.

“Baba,” aliuliza, “tuna harusi au tuna msiba?”

Wakala mpaka wakashika viuno, wakabakisha kilima. Jumanne Kipimo akakiweka kilima hicho motoni. Chini kikaungua, juu kikabaki baridi, na katikati kikawa changarawe. Chiriku aliutafuna ule wali kwa sauti makusudi, ka, ka, ka, kisha akaweka kijiko chini kama mhubiri.

“Baba, wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini?”

“Kala hiki hiki,” alisema Kipimo.

Wakacheka wote wawili, na hicho kilikuwa kicheko cha mwisho wiki ile. Usiku huo wali ulilala jikoni umefunikwa, joto likiwa limefunikwa pamoja nao. Jumatano Chiriku akainua kifuniko, akanusa, akarudisha uso nyuma.

“Umechacha, baba.”

“Ah, hiyo ni harufu ya kifuniko tu.”

Na kwa kuthibitisha kwamba ni harufu ya kifuniko, Kipimo akala sahani nzima peke yake. Alhamisi hakwenda kazini. Alishinda akipima kwa miguu umbali kati ya kitanda na choo, na Chiriku akamletea maji yenye chumvi na sukari kidogo, glasi baada ya glasi, bila kusema neno. Bila kusema neno! Kipimo aliumwa tumbo, lakini kilichomtisha ni huo ukimya.

Tangu siku ile mtoto akawa anakula vijiko viwili na kusema, “Nimeshiba, baba.” Kipimo alijaribu mayai. Alijaribu viazi. Alijaribu maharage, sufuria mpaka kwenye ukingo, kwa sababu mkono wake haukujua kukata fupi, na yale maharage yakarudi mezani siku ya pili na ya tatu, kila mara meusi zaidi. Chiriku, aliyeweza kusimulia habari ya penseli moja iliyopotea tangu akivua viatu mpaka vyombo vinaoshwa, sasa alijibu “ndiyo” na “hapana”. Sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyokwenda.

Jumapili ya pili simu ikalia. Alikuwa dada mkubwa wa Kipimo, yule aliyembeba mgongoni utotoni, na ambaye Kipimo, pamoja na miaka yake arobaini na minane, alizungumza naye akiwa amesimama.

“Mdogo wangu, nasikia mtoto anakula kwa watu.”

“Kwa watu gani, dada?”

“Hapo hapo chini yako. Kila siku saa kumi, akitoka shule. Anapewa maharage na jirani yako, mwenye nyumba ya chini, anakula kama katoka jela.”

“Nani kakwambia?”

“Mwenye nyumba ya chini naye ana simu.” Dada akashusha pumzi. “Sikulaumu. Kila mtu na alichojaliwa. Jumamosi nakuja kumchukua. Shule zipo hata huku, tutamtafutia nafasi. Mama yake akirudi, na yeye atarudi.”

“Dada, mtoto ana kwao.”

“Kwao mtoto ni pale panapoiva chakula,” alisema dada, na simu ikakatika.

Kipimo akampigia mkewe. Mama Chiriku alisikiliza habari yote.

“Mimi sitaki aondoke,” alisema mwishoni. “Akienda huko ataacha shule, ataacha rafiki zake, na wewe utabaki kuzungumza na kuta. Lakini nikijua mtoto hali, mimi hapa simuuguzi mama, najiuguza mwenyewe. Ikifika Jumamosi bado hali, mwache aende.”

Basi zikabaki siku sita. Kipimo alikaa kitandani akaisikiliza nyumba. Upande wa pili wa ukuta Chiriku alikuwa anasoma kwa sauti ya chini. Akajaribu kufikiria kurudi kutoka kazini, kuweka ufunguo mlangoni, na kusikia ufunguo tu. Hakufika mwisho wa fikra hiyo.

*

Karakana yake ilikuwa ya kutengeneza samani kuukuu: viti vilivyolegea miguu, makabati yaliyopasuka, meza ambazo wenyewe hawakuwa tayari kuachana nazo. Upande wa dirisha alikaa yeye na randa zake. Upande wa mlango alikaa mshona makochi, mama mmoja mnene aliyechomeka sindano kwenye ukosi wa gauni, na ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano zote. Walikuwa wametaniana miaka kumi na mitano, na hakuna aliyewahi kushinda.

Jumatatu hiyo Kipimo alifungua kikopo chake cha chakula. Mshona makochi akanyoosha shingo.

“Hayo ni maharage au misumari iliyoshika kutu?”

“Usinichokoze leo, mama. Sina nguvu.”

Mama yule akaona kweli hana. Akaweka chini kitambaa alichokuwa anakinyoosha, akavuta kiti. Kipimo akamweleza yote, tangu wali uliochungulia mpaka simu ya dada, huku mikono yake ikiendelea na kazi, kwa kuwa palikuwa na kiti cha kugandishwa miguu na gundi ilikuwa inapashwa.

Gundi yake ilikuwa ile ya zamani ya ngozi, ambayo mafundi wengi wameiacha. Vipande vyake vigumu huvilaza majini mpaka vilainike, kisha huvitia kwenye kikopo, na kikopo hakikai motoni. Kinakaa ndani ya sufuria ya maji, na sufuria ndiyo inayokaa motoni. Moto ukiigusa gundi moja kwa moja inaungua, inanuka, haishiki tena. Kipimo alikuwa anaikoroga taratibu, anaongeza tone la maji, anaifunika, anaifunua.

Mshona makochi alimtazama mpaka mwisho wa hadithi. Kisha akaitazama gundi.

“Mzee wangu, wewe ni kiumbe cha ajabu,” alisema. “Hiyo gundi hakuna anayeila. Lakini unaibembeleza kama mtoto mchanga anayeogeshwa. Chakula cha mwanao unakitupa motoni kama takataka.”

Kipimo akaacha kukoroga. Akakitazama kikopo ndani ya maji. Akayatazama maharage.

“Kikopo ndani ya maji,” alisema.

“Unasemaje?”

“Sisemi kitu.” Lakini alikuwa tayari anavua aproni, na saa za kazi hazijaisha.

“Na wali usiulaze jikoni!” mshona makochi alimpigia kelele mgongoni. “Ukipoa tu, kwenye friji! Na kikombe alichokupimia mkeo ni kikombe, si pendekezo!”

Jioni ile Kipimo alitoa wali wa jana kwenye friji, maana tangu Alhamisi ile hakuulaza tena jikoni, akauweka kwenye bakuli la bati, akanyunyiza kijiko kimoja cha maji, akaufunika, akaliweka bakuli ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Akakaa na saa mkononi. Alipofunua, mvuke ukampiga usoni, na chini ya mvuke kila punje ilikuwa imejitenga na mwenzake, laini, kama iliyoiva muda ule. Alisimama pale kama mtu aliyeona gogo kavu limetoa majani.

Chiriku alionja kijiko cha kwanza. Cha pili. Cha tatu.

“Umenunua wapi?”

“Ni wa jana.”

“Haiwezekani.”

“Nimeupasha kama gundi.”

Chiriku akaweka kijiko chini. “Kama gundi vipi? Na gundi inapashwaje? Na kwa nini hukufanya hivyo toka mwanzo?”

Maswali matatu kwa mkupuo. Kipimo aliyahesabu.

Lakini wali wa moto haumzuii dada mtu kupanda basi. Siku zilizofuata Kipimo alipika kila kitu kwa kikombe cha mkewe, akiona aibu jinsi sufuria ilivyokuwa tupu, na kilichobaki akakifikiria kabla ya kulala. Viazi vya Jumanne alivikata vipande Jumatano, akavikaanga na kitunguu na yai. Chiriku alipouliza kama hayo ni mabaki, alijibu, “Karakanani hakuna mabaki, kuna vipande. Kipande unakiuliza: wewe unaweza kuwa nini?” Kabichi ya Jumatano aliiuliza hivyo hivyo, ikajibu kwamba inaweza kuwa supu. Supu yenyewe ikawa ya chumvi kiasi kwamba Chiriku alikunywa maji glasi nne. Na Jumatano hiyo hiyo, akitoka kazini, Kipimo alimwona anatoka kwenye mlango wa nyumba ya chini akijifuta mdomo. Walipanda ngazi pamoja.

Kwa ajili ya Jumamosi akanunua kuku mzima. Akamtia kwenye sehemu ya barafu, akasema moyoni: dada akimwona huyu, atajua.

*

Ijumaa saa kumi na moja, viatu havijavuliwa vizuri, mlango ukagongwa. Alikuwa dada, jasho usoni, na mkononi ana mkoba mkubwa mtupu uliojikunja.

“Dada! Si ulisema Jumamosi?”

“Jumamosi mtu unamkuta kavaa,” alisema dada, akipita. “Ijumaa unamkuta alivyo. Chiriku, mwanangu, mbona shingo imekuwa ndefu hivi? Njoo unisalimie.”

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Nimetoka asubuhi, sijatia kitu mdomoni.”

Akaenda moja kwa moja kwenye friji, akaifungua na kuisoma kama karani anayesoma hukumu. Kuku aliyeganda kama jiwe. Bakuli moja la wali. Maharage kidogo. Nusu kitunguu. Mayai mawili. Kichwa cha mkate kilichokauka.

“Nipisheni,” alisema, akikunja mikono ya gauni.

“Dada, kaa. Wewe ni mgeni.”

“Mgeni? Mimi niliyekuosha makamasi?”

“Kaa, dada,” alisema Kipimo, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. Dada naye alishangaa, ndiyo maana alikaa. Alikaa kwenye kigoda pale pale mlangoni mwa jiko, mkoba mapajani, mkono shavuni.

Kipimo akapiga moyo konde. Akauponda wali pamoja na maharage, akakata kitunguu vipande vidogo, akatia chumvi, akaanza kuviringa na kubapaza viduara. Kwa macho yake ya fundi kila kimoja kilikuwa sawa na mwenzake mpaka unene wa unywele. Mafuta yakapata moto. Akatia cha kwanza. Alipokigeuza, kikavunjika vipande vitatu. Akatia cha pili. Kikasambaratika kabisa, kikawa wali na maharage kama kilivyokuwa.

Dada akakohoa, kile kikohozi chenye sentensi nzima ndani yake.

Jasho likamteremka Kipimo mgongoni. Chiriku alikuwa amesimama karibu na shangazi yake, bado na sare ya shule, na Kipimo alimwona anautazama ule mkoba. Akageukia jiko ili asione zaidi.

“Baba,” ilisema sauti nyuma yake. “Vina nyufa.”

“Naviona.”

“Karakanani kukiwa na ufa unatia nini?”

“Vumbi la mbao na gundi.”

“Basi si utie?”

Dada akaruka kutoka kwenye kigoda. “Vumbi gani? Mtoto alishwe vumbi la mbao? Mbele ya macho yangu?”

“Shangazi, hebu tulia kwanza!” alisema Chiriku, neno ambalo hakuna binadamu aliyewahi kumwambia mwanamke yule akabaki salama. Mtoto alikwisha kuchukua kile kichwa cha mkate mkavu na kifaa cha kukwangulia karoti. Akakwangua. Ukaanguka unga laini wa rangi ya kahawia, sawa kabisa na ule unaolala chini ya msumeno. Kipimo akaelewa. Akapasua yai la kwanza, akapasua la pili.

“Gundi,” alisema.

“Usitie yote, baba! Itateleza.”

“Nani fundi hapa?”

“Wewe. Lakini mimi nilikaa karakanani likizo nzima nikikutazama. Ulisema gundi ikizidi inateleza, vumbi likizidi linamomonyoka.”

“Nilisema hivyo?”

“Mara mia. Koroga sasa, usiongee.”

Wakakoroga. Wakaviringa upya. Cha tatu kikaingia kwenye mafuta, na dada akasogea karibu. Kipimo akahesabu pumzi ishirini, akapitisha mwiko chini, akageuza. Kikageuka kizima, kikiwa na uso wa kahawia uliokauka vizuri.

“Kimeshika!” alipiga kelele Chiriku, na kwa neno hilo ni kama bomba lililoziba wiki mbili limezibuka. Alisimulia habari ya mwalimu wa hesabu aliyekalia chaki. Alisimulia habari ya mwenzake aliyepoteza kiatu kimoja na kurudi nyumbani akiruka kwa mguu mmoja. Alisimulia habari ya maharage ya nyumba ya chini, “yana sukari, baba, nani anaweka sukari kwenye maharage, mimi nilikuwa nakula kwa adabu tu na njaa.” Kipimo alikuwa anageuza viduara na kuitikia “enhe”, “enhe”, na hakujua amesikia nini, alichosikia ni sauti.

Mezani dada alianza kula kama mkaguzi, kwa ncha za vidole. Cha kwanza alikivunja akakichungulia ndani. Cha pili hakukichungulia. Alipofika cha nne alisita, akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

“Chumvi imepungua,” alisema.

“Imepungua,” Kipimo alikubali.

Dada akafuta vidole, akauweka mkoba juu ya meza. “Chiriku, mwanangu. Huu nimeuleta kwa ajili yako. Kwangu unajua utakula vizuri. Baba yako anyamaze, nataka kukusikia wewe.”

Kipimo aliinama. Meza ile aliiunda mwenyewe. Akaufuata mstari mmoja wa mbao kwa ukucha, akaufuata mpaka ulipoishia.

“Kwako nitakula vizuri, shangazi,” alisema Chiriku polepole. “Kweli kabisa.”

Ukucha ukasimama.

“Lakini kwako nikifika jikoni kila kitu kimeshaiva. Unaniambia nenda kakae mezani. Hapa…” Akatazama sufuria, maganda ya mayai, na baba yake mwenye unga wa mkate kwenye nyusi. “Hapa baba hajui kitu. Nikiondoka nani atamwambia?”

“Ninajua kitu,” alisema Kipimo.

“Kidogo,” alisema Chiriku.

Dada akawatazama, mmoja baada ya mwingine. Kisha akachukua simu, akatoka nje kwenye ngazi na kufunga mlango, lakini sauti yake haikuwa ya kuzuiwa na mlango.

“Wifi, hujambo? Mama anaendeleaje?… Nipo kwako hapa… Anakula. Nimeona kwa macho yangu, kala vitano. Mimi? Mimi nimeonja tu.”

Mezani Chiriku akainua vidole vinne kuhesabu alivyokula shangazi, akamwonyesha baba yake.

“Hapana, simchukui. Hapana, nakwambia, anabaki. Mimi nitakaa mpaka Jumapili nimfundishe huyu ndugu yangu chumvi… Wifi? Unalia au unacheka?… Haya. Haya, basi. Muuguze mama kwa amani.”

Kipimo aliinuka ghafla, akachukua sahani moja, akaenda nayo kwenye sinki na kufungulia maji mpaka mwisho, kwa kelele, ingawa sahani yenyewe haikuwa na uchafu wa maji yote hayo. Hakugeuka. Chiriku akachukua kitambaa, akasimama kando yake, akaanza upya ile habari ya kiatu kilichopotea, tangu mwanzo, maana aliona kabisa kwamba mara ya kwanza baba hakuisikia.